Ua la Asumini Sandukuni mwa Bibi

Mpaka leo nikipita kwa wauza vikuba vya maua, harufu ya asumini ikinifikia, huharakisha hatua. Wenzangu hukumbuka harusi zao. Mimi hukumbuka sanduku la bibi yangu, mzaa baba.

Ilikuwa miaka ya vita, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, nami nina umri wa miaka tisa. Ami yangu, karani wa bandarini, alikuwa hajiwezi kwa hadithi za wapelelezi. Alizisoma kwa Kiingereza, kisha jioni akatusimulia watoto ukumbini, akituviringia macho. "Mpelelezi hatafuti mwizi," alituambia. "Hutafuta kitu kisichokuwa mahali pake." Nami nikajiona mpelelezi, ila kazi ndiyo sina.

Kazi ikaja. Bibi alikuwa amefiwa na mumewe, na muda wote wa eda hakuvaa dhahabu, hakujifukiza udi, wala ua halikuingia chumbani mwake. Siku alipotoka eda alifungua sanduku avae bangili zake mbili. Akakuta moja.

Macho ya nyumba nzima yakamwendea Mwanaisha, mwanamke aliyetufulia nguo. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi hakumshutumu wala hakumtetea. Alisema tu kwamba Ijumaa, baada ya alasiri, maalimu angekuja kusoma Halbadiri, na aliyeitwaa angejijua. Hiyo ilikuwa Jumatano. Sisi watoto tuliamini kwamba dua hiyo ikisomwa, mwizi huvimba tumbo akafa.

Alhamisi nikaingiza kichwa sandukuni. Chini ya shali, pembeni kabisa, palikuwa na ua moja la asumini, limekauka. Katika miezi ile ya msiba ni mtu mmoja tu nyumbani aliyevaa vikuba: mama yangu, alipokwenda Bondeni kwenye harusi ya mdogo wake.

Furaha ya kugundua haikudumu hata pumzi moja. Usiku ule sikulala. Nilimsikiliza mama akipumua, nikihesabu saa alizobakiwa nazo.

Ijumaa maalimu akaketi mkekani, chetezo kikafuka ubani. Mama alisimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Kitabu kilipofunguliwa nikapiga ukelele.

"Ndimi, Bibi! Ndimi niloitwaa, ikanipotea!"

Bibi hakunitazama mimi. Alimtazama mama. Kisha akasema, "Maalimu, funika kitabu. Hapana mwizi hapa." Akamwita Mwanaisha, akamtaka radhi mbele yetu sote. Mimi sikupigwa hata kofi, na jambo hilo lilinishangaza miaka mingi.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza. Alimwazima mdogo wake bangili bila ruhusa, avae siku yake, nayo ikapotea katika msukosuko wa harusi. Ijumaa ile, baada ya magharibi, alikwenda kumwangukia Bibi miguuni.

Ami alikuwa na kabati zima la vitabu, na hakuambulia kitu. Bibi hakujua kusoma hata kimoja. Kumwacha Mwanaisha alie siku mbili, hilo sijamsamehe hadi leo. Lakini alimsamehe mama, na maneno aliyomwambia, mama aliyarudia kwangu huku akilia, mwanamke mzima mwenye mvi:

"Ua nililiona siku ya kwanza, nikaliwacha pale pale. Nilikupa siku mbili uje, mwanangu. Akaja mtoto."