Gari Lenye Pindo

Mama yangu hatazami watu, hutazama madirisha. Tukikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajamaliza kuitikia salamu macho yake yameshapanda juu ya dirisha na kushuka hadi sakafuni, na midomo inamcheza kimyakimya. Anapima. Taarifa ya habari ikianza, mimi nasikiliza vita na mafuriko, yeye anasema, "Pazia lile nyuma ya msomaji, fundi wake kabania kitambaa." Ni mshona mapazia, na tepu ya kupimia humning'inia shingoni tangu asubuhi mpaka usingizi umwangushe. Kuna siku huamka nayo.

Mimi ni binti yake wa pekee, niko kidato cha tatu, na katika mambo ya magari ni bingwa. Kuendesha sijui. Hata baiskeli iliwahi kunitupa kwenye mtaro nikiwa nimeshuka tayari. Lakini nilikuwa nimesoma sana kwenye simu habari za injini ndogo na ulaji wa mafuta, na gari likipita mbele yetu sikuweza kuufunga mdomo. "Lile linakunywa, Mama. Lile linanusa tu." Neno hilo "linanusa" nililitamka kama daktari anayetaja ugonjwa.

Gari tulilihitaji kweli. Miezi michache nyuma Mama alikodi gari la mizigo apeleke mapazia kwenye ofisi fulani. Dereva, kwa tamaa ya kupakia mizigo miwili safari moja, akayachanganya na mifuko ya saruji. Mapazia meupe yakafika ya kijivu, na mteja hakutupigia simu tena. Kisha bahati ikabisha hodi mara ya pili. Mwanamke mmoja, tuliyekuwa tukimwita Mama Wageni, alikuwa anamalizia nyumba ya kulala wageni nje ya mji, mwisho wa barabara ya vumbi. Alitaka mapazia meupe katika jengo la kwanza, yawe yametundikwa kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, maana wageni wake wa kwanza wangeingia alasiri. Yakimpendeza, jengo la pili nalo ni la Mama. Yakichelewa au yakifika machafu, basi.

"Mafundi ni wengi, mwenzangu," alisema akitabasamu, na tabasamu lile lilimkosesha Mama usingizi.

"Sikodi tena," Mama akaamua. "Nitanunua langu, hata liwe kuukuu, mradi lisininywee faida." Leseni alikuwa nayo tangu ujana wake, alipokuwa akiendesha gari la mkate la babu. Akiba ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na kopo lenyewe halikuwa kubwa.

Tulimchukua Fundi Bado atusaidie kukagua. Ni jirani yetu, mtengeneza magari, na jina hilo alipewa na wateja wake, kwa kuwa ukimuuliza kama kazi yako imekwisha hana jibu jingine. Gari la kwanza alilikataa kwa sababu lilipakwa rangi juu ya kutu, "kama mzee aliyejipaka wanja." La pili lilitoa moshi wa buluu. Fundi akatikisa kichwa. "Hili linakunywa petroli na oili pamoja, bi mkubwa. Mlevi kamili."

La tatu lilikuwa la mwalimu mstaafu. Kigari chekundu ambacho jua lilikuwa limekipausha kikawa rangi ya ufizi, kifupi, chenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Viti bado vilikuwa na nailoni zake za dukani. Mwalimu alikuwa hauzi kwa hiari. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru jioni, na mkewe alikuwa amempiga marufuku.

"Lina umri gani?" Mama akauliza. Mwalimu akataja mwaka.

"Ala! Limenizidi mimi!" nikasema.

"Basi liamkie," Mama akasema, bila hata kunitazama.

Nami kwa akili zangu zote nikainama mbele ya bonneti. "Shikamoo." Wakati huohuo Mwalimu akawasha. Gari likakohoa mara mbili, likatulia, likaanza kunguruma polepole.

"Marahaba," Mwalimu akaitikia kwa niaba yake.

Tukaingia wote wanne tukalijaribu. Mama alishika usukani. Mimi nilishika kazi ya kuitazama sindano ya mafuta. Tukazunguka soko, tukapanda kilima cha hospitali, tukashuka. Sikuweza kujizuia. "Mama, ona! Safari yote hii sindano haijatikisika! Hili hata kunusa halinusi!"

Mwalimu akageuka taratibu, kama aliyezoea kusahihisha. "Mwanangu, sindano hiyo ilikufa zamani. Hapo unapoiona ndipo ilipofia."

Fundi Bado alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye paa.

Heshima yangu niliirudisha kidogo. Nikakumbuka njia niliyoisoma: unajaza tangi mpaka mdomoni, unakwenda safari unayoijua, unarudi kujaza tena, na kilichoingia mara ya pili ndicho kilicholiwa. Tukajaza, tukaenda hadi njia panda ya kwa Mama Wageni na kurudi palepale kituoni. Yaliyoingia yalikuwa machache hivi kwamba yule dada wa pampu akatuuliza, "Samahani, mnaongeza au mnaonja?"

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha tabasamu likakatika. "Na fimbo?"

Fimbo za mapazia, zile za chuma za kuning'inizia pazia, zilikuwa ndefu kwa kuwa madirisha ya Mama Wageni yalikuwa mapana, na alizitaka za kipande kimoja. Mama akakilaza kabisa kiti cha abiria, akanirushia tepu. "Pima toka kule mbele miguuni mpaka mlango wa nyuma."

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu. Kwetu kipimo hakitamkwi kikiwa uchi. Ukipima dirisha, kichwani unaongeza pindo la juu na pindo la chini, ndipo unafungua mdomo. Ukisahau, pazia linakuja fupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa nashika ncha ya tepu kwa meno kwa kuwa mikono haikufika.

Basi nikapima gari, nikatamka kipimo kwa sauti ya ubingwa.

"Zinaingia na nafasi inabaki," Mama akasema.

Wakapatana bei. Walipokwama, Mama alimwahidi mke wa Mwalimu mapazia ya sebuleni, ambayo alikuwa ameshayapima kwa macho tangu tulipokaribishwa kwao. Jioni ile nililiosha gari, nikapiga nalo picha, nikawatumia wanafunzi wenzangu na maneno haya: *Chaguo la mtaalamu.*

Jumamosi asubuhi tukapakia. Mapazia kwanza, meupe, yamekunjwa na kulazwa juu ya kiti cha nyuma. Kisha fimbo. Zikaingia, zikaingia, zikagota mbele, na mlango wa nyuma ukagoma kushuka. Ncha zilikuwa zimetokeza nje kama miguu ya mtu aliyelala kitanda cha mtoto.

"Umezielekeza vibaya," nikamwambia Mama. Nisamehewe.

Akazigeuza. Ni zilezile. Akashusha pumzi. "Zitoe. Pima tena."

Nikapima, nikatamka kipimo kilekile, kwa sauti ya chini kidogo.

"Njoo na tepu. Usiondoe kidole."

Nikaenda. Mama akatazama kidole changu, akanitazama usoni. "Hapa pameandikwa hivi. Hicho ulichotamka umekitoa wapi?"

"Nimeongeza... pindo."

"Pindo la nini?"

"La juu na la chini."

Fundi Bado, aliyekuja kutuaga na mswaki mdomoni, aliutoa. "Nimeona gari lenye kutu. Nimeona gari lenye kunguni. Gari lenye pindo, ndiyo kwanza nalisikia leo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa sakafu ya saruji. Mama hakunigombeza. Alijiegemeza kwenye gari akajishika kiuno. "Mimi ndiye niliyekufunza," akasema, "na mimi ndiye niliyeitikia. Tumepima gari kama dirisha, wawili wazima."

Jua lilikuwa linapanda. Kwenda na mlango wazi ni kulikaribisha vumbi lote la barabara ile juu ya mapazia meupe, na hadithi ya saruji ingerudi upya.

"Nitakuchomelea kibebeo cha juu ya paa," Fundi Bado akasema.

"Kitakuwa tayari lini?"

"Jioni hivi."

"Jioni wageni wameshavua nguo na madirisha yako wazi."

Mama akaingia ndani. Nikasikia pete za pazia zikilia, krrr, krrr. Akatoka na pazia la sebule yetu, lile zito la kahawia, sindano mdomoni, uzi mnene mkononi. Tukarudisha fimbo. Akazifunika ncha zake kwa pindo la chini, upande wa juu akaubana kwenye ukingo wa mlango, pembeni akalishona kwenye kamba iliyofungwa garini, chapuchapu, mshono wa kuparaza, wa muda tu, mpaka uwazi wote ukazibwa.

"Shika hapo, bingwa," akaniambia. Nikashika. Bingwa nilikuwa nimekwisha kabisa.

Kiti cha abiria kilikuwa kimelala, kwa hiyo nilikaa nyuma ya dereva, nusu ya mapazia mapajani, hadi kidevuni. Barabarani watu walisimama kututazama. Mwendesha baiskeli mmoja akapiga kelele, "Mama, humo ndani mna bi harusi?"

"Yumo," Mama akajibu dirishani, "ila anayejua kupima hajapatikana!"

Mama Wageni alitupokea langoni, mikono kiunoni. Pazia letu la kahawia lilikuwa limegeuka rangi ya barabara. "Mbona gari limevaa?" akauliza. Mama akakata uzi, pazia likaanguka na wingu lake la vumbi. Mama Wageni akapitisha kidole juu ya mapazia meupe, akakitazama kidole. Akapitisha tena pengine.

"Tundikeni," akasema.

Tulitundika. Mimi juu ya ngazi, Mama chini akiniambia kushoto, kulia, shuka kidogo, panda. Adhuhuri ilitukuta kwenye dirisha la mwisho. Mama Wageni akapita chumba kwa chumba, akivuta na kuachia. Mwishoni akafungua mlango wa uani. "Njoo uone madirisha ya jengo la pili, dada."

Humo ndani mafundi rangi walikuwa bado wanapaka kuta. Mama alibaki ukumbini kuzungumza na Mama Wageni. Mimi nikatumwa chumba cha mwisho na tepu. Nikapima dirisha kwa makini, mara mbili, kisha nikatamka kipimo kwa sauti ili kimfikie.

Sauti ya Mama ikanirudia toka ukumbini, mbele ya watu wote: "Kiko uchi au kimevaa?"

Mafundi rangi wakaacha kupaka, wakanigeukia.

"Kimevaa, Mama," nikajibu.