Thirza Hobley na Jiwe la Kisimani

Thirza Hobley, mjane aliyekuwa akifagia kanisa la kijiji cha Stoke Amery, hakuwa mtu wa kushindwa maneno, na safari hii ubishi ulihusu kisima. Maji ya kubatizia watoto wa kijiji yalichotwa humo tangu enzi za mababu. Sasa Cyril Vowles, mwenyekiti wa kijiji jirani, alidai kisima ni chao, na nguzo za kukizungushia ua alikuwa nazo tayari. Jiwe la mpaka lingekata mzizi wa fitina, lakini lilikuwa limemezwa na udongo, halionekani.

Kila mwaka, sikukuu ya Kupaa inapokaribia, wanakijiji huuzunguka mpaka wao wakiyachapa kwa fimbo mawe yake yanayoonekana. Zamani, kwenye kila jiwe, mtoto mmoja alipinduliwa akagongeshwa kichwa, taratibu tu, ili asipasahau mahali hapo mpaka uzeeni. Jiwe la kisimani lilikuwa la Thirza. Baba yake ndiye aliyemshika miguu.

"Haya bibi, si ulisema unapakumbuka?" Cyril alimchokoza mbele ya watu wote, siku ya mzunguko huo, walipofika kisimani.

"Napakumbuka. Ila nilipaona kichwa chini." Thirza akavua kofia. Suruali ya bustani alikuwa ameivaa makusudi. "Nipindueni."

Mchungaji akababaika. "Mama Thirza, na goti lako hilo?"

"Goti huko juu halina kazi, baba mchungaji. Shika mguu."

Mchungaji akashika mmoja, Ned muuza nyama akashika wa pili.

"Kulia," Thirza aliamuru. "Rudini nyuma. Bado. Ned, usinitikise, mimi si nguruwe wako."

Wakamtembeza hivyo hivyo, watu wakijizuia kucheka, mpaka mnara wa kanisa ukaning'inia, kama siku ile ya utotoni, katikati ya dohani mbili za kinu cha kusagia nafaka. Hapo akamkumbuka baba yake akisema, "Tazama sana, binti yangu, iko siku utaulizwa." Alimtamani baba yule kuliko kisima chenyewe, na machozi yakamtiririkia kwenye paji la uso.

"Hapa," akasema.

Wakamshusha, Ned akachimba, na sepetu yake ikagonga jiwe, ng'ambo ya kisima, upande wa kina Vowles. Kisima chote kilikuwa cha Stoke Amery.

"Pengine lilihamishwa," Cyril alianza. "Nani atakumbuka mwakani?"

Thirza, ambaye sasa alikuwa amesimama, akavaa kofia yake bila haraka.

"Ned," akasema, "mshike Bwana Vowles miguu."