Shuka ya Ayany

Nafundisha watoto wa chekechea katika mtaa wa mabanda wa Lindi, na mimi sijui kutulia. Hata madaftari nayasahihisha nikiwa nimesimama. Siku ya somo la upepo nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu upepo wenyewe ulikuwa unagongagonga mabati ya darasa, na kitabu kilitaka tutazame miti ikiyumba, miti ambayo hatuna. Nikakifunga.

"Mkifika home," nikawaambia, "angalieni upepo inabeba nini na inashindwa na nini. Mtakuja kuniambia."

Nilijiona mwalimu kweli.

Kesho yake, kabla hatujaanza, mama wa mmoja wa wasichana wangu alikuwa ananingoja mlangoni. Yeye hufua nguo kwenye nyumba moja Ayany, mtaa wa jirani, na mtoto akitoka shule humngoja huko mpaka amalize. Jana yake mtoto alikuwa amepanda juu ya ndoo akatoa vibanio kwenye kamba, kimoja kimoja. Shuka nyeupe ya mwenye nyumba ilivuka ukuta, ikaanguka kwenye tope, pikipiki ikapita juu yake.

"Nimeambiwa nisirudi," akasema. "Mtoto anasema ni homework ya teacher."

Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. Alikuwa na nyumba hiyo moja tu ya kufulia, na nilikuwa nimemwondoa huko kwa maneno mawili ya darasani.

Mchana sikula. Nilitembea hadi Ayany nikipanga maneno na kuyapangua. Mwenye nyumba alifungua geti kiasi cha kutoa uso.

"Mwalimu mzima unatuma watoto watoe peg?"

"Nilimtuma aangalie upepo, mama. Shuka ilibebwa na upepo. Kama kuna mwenye makosa hapa, ni mimi. Huyo mama mrudishie kazi."

Nikawa nabadilisha mguu wa kusimamia. Mwishowe akasema mama arudi, lakini huyo mtoto asionekane tena hapo.

Mama hakuwa na pa kumwacha, kwa hiyo siku za kufua mtoto hubaki nami, saa ambazo ningekuwa njiani kurudi kwangu Kawangware. Siku ya kwanza nilikasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Nilipanga viti, nikafagia, nikapanga viti tena. Yeye alikuwa ametulia, anachora.

"Teacher, hujaniuliza ile ya upepo."

"Haya, niambie."

"Soksi ilienda. Hanchifu pia ikaenda. Shuka ikakataa." Akafikiri kidogo. "Nikaisaidia kuvuka ukuta."

Nikavuta kiti kimoja cha watoto, nikakaa. Nilikumbuka nilivyosimama pale getini nikiapa kwamba ni upepo ulioibeba. Lakini jibu lilikuwa sahihi, hakuna mtoto mwingine aliyeniletea kama hilo. Nikamwekea alama kubwa ya vema kwenye daftari, kisha nikamwomba hiyo ya kusaidia asiwahi kumwambia mama yake.