Walipokuja Kumpiga Mama Picha

Neno linalonichemsha damu ni "iliyosahaulika". Kitale, johari iliyosahaulika. Bungoma, pembe iliyosahaulika. Imesahauliwa na nani? Nikifungua dirisha langu hapa Matisi, mtaani Kitale, naona malori ya mahindi yakielekea Nairobi. Huko wanakula ugali wetu kila siku, halafu wanatuambia wametusahau.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Mwaka juzi kampuni moja ya Nairobi ilinipigia simu, ikasema inatengeneza video ya kutangaza miji ya huku kwa watalii. Nilifurahi kama mtu anayengoja wakwe. Niliwapeleka kwenye kinamasi cha Saiwa, wakamwona nzohe, yule swala anayetembea majini. Nikawapeleka kwenye mapango ya Mlima Elgon, ambamo ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya ukutani. Kisha nikawaleta sokoni Kitale, kwa wachuuzi wanaotoka mpakani Suam na bidhaa za Uganda, ambao wanaweza kukupunguzia bei kwa lugha nne.

Kiongozi wao, kijana mwenye miwani nyeusi, hakutoa hata kamera.

"Madam, huu si ni mji tu?" akasema. "Tunataka watu halisi, bana."

Nikajiambia labda Bungoma itampendeza. Nikampigia Mama, anayeishi Sirisia, nikamwomba atupikie chakula cha mchana.

Mama analima vitunguu na kahawa. Jikoni kwake kuna gesi na mfereji wa maji. Tulimkuta amevaa gauni la kanisani, sweta jipya na viatu vyeusi vilivyong'aa. Kuku alikuwa tayari, na ugali wa wimbi umefunikwa mezani. Kwa kuwa soda zilikuwa chache, nikaenda madukani kuongeza.

Niliporudi, Mama alikuwa nje, peku, kwenye tope. Sweta na viatu havikuwepo. Walikuwa wamemfunga leso kuukuu na kupanga mawe matatu nyuma ya nyumba, naye amepiga magoti akipuliza kuni mbichi, machozi ya moshi yakimtiririka. Yule kijana alikuwa amechuchumaa mbele yake na kamera.

"Puliza tena, Mama. Usicheke."

Niliangusha zile soda. Nikasimama mbele ya kamera.

"Zima moto huo! Futa hizo picha sasa hivi!"

"Pole, madam. Lakini yeye mwenyewe amekubali."

"Wacha, mwanangu," Mama akasema, akijipangusa macho. "Ni wageni."

Niliwafukuza. Waliondoka bila kuonja yule kuku, na picha hawakufuta.

Video ilipotoka, niliitazama nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza. Kitale ilipita kwa dirisha la gari, ikaitwa kituo cha kujaza mafuta ukielekea Turkana. Nzohe hayumo. Mapango hayamo. Bungoma yote ni mama yangu, peku, akilia moshi, na sauti tamu ikisema, "Hapa muda umesimama." Nikawapigia simu, nikapaza sauti mpaka jirani akabisha mlango. Mwanamke aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba watu wameipenda sana. Upole wake uliniudhi kuliko matusi.

Jumamosi iliyofuata nilienda Sirisia. Wajomba walikuwa wameshaiona video kwenye simu, na kanisani watu walikuwa wameshamuuliza Mama kama watoto wake wamemtupa. Nilimkuta akichambua vitunguu.

"Kwa nini ulivua viatu, Mama?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayezungumza na mzazi.

Hakuinua macho. "Si walisema wewe ndiye umewatuma? Ati nikikataa, kazi yako inaharibika. Ulidhani nilipenda?"

Kisha akarusha kitunguu ukutani. Sijawahi kumwona Mama akirusha kitu. Akachukua kingine, akarusha. Nikaokota changu, nikarusha. Tulivirusha hadi tukachoka, sisi wawili, na ukuta ukalowa maji ya vitunguu.

Kampuni nyingine imenipigia wiki hii. Wanatafuta vijiji ambavyo havijaharibiwa na maendeleo. Nimewaambia Sirisia ina stima, ina barabara, na ina mama mmoja ambaye hawataingia langoni kwake.