Chupa ya bahari ya cucu

Leo nimedanganya cucu, nyanya yangu, akiwa kitandani, na akanibariki.

Wikendi tulipeleka watoto beach, ile imetulia, penye mto wa kutoka huku kwetu mlimani unaingia baharini.

Mama akajaza chupa maji ya bahari. Nikadhani ni ya kupatia ng'ombe chumvi, vile imepanda bei.

Tukirudi, chupa ikavuja kwa gari. Nikamwaga yaliyobaki, nikajaza ya mfereji hapa nyumbani Karurumo, Mama asijue. Mama alikuwa amelala.

Kumbe ilikuwa ya cucu. Hajawahi kuona bahari, na hatoki tena.

Leo Mama amempa chupa. Amechovya kidole, akalamba. "Na si mlisema yako na chumvi?"

"Hapo mto unaingia, cucu. Chumvi inapungua."

Akacheka. "Basi haya ni maji yetu ya mlima." Akaitisha kikombe, akamaliza yote, akanibariki.

Mama bado ananiangalia.

Nimwambie cucu ama ninyamaze?