Mume Wangu Ana Miaka Themanini na Mbili

Mwaka juzi nilikaribia kuikosa Ufaransa kwa sababu mgeni wa watu aliamini nimeolewa na mzee wa miaka themanini na mbili.

Mzee mwenyewe ni babu yangu. Baba mzazi wa baba yangu.

Mnaokunywa chai wekeni vikombe chini. Mkipaliwa msinilaumu.

Naitwa Sitara, mtoto wa Kariakoo. Amenilea Babu Mwinyimvua, mwenye duka la zipu na vifungo Mtaa wa Mchikichi. Wateja wake wengi ni Wakongo, wanabeba kwa magunia. Nikaokota Kifaransa chao tangu udogoni, na nilipoingia chuo (jina nalihifadhi) nikakichukua kama somo.

Huko ndiko nilikokutana na kituko kinachoitwa Dokta Beno.

Samahani. "Monsieur Benoît." Ukimwita Beno anakukata maksi.

Huyu mtu alikaa Ufaransa mwaka mmoja tu, akarudi na skafu. Bongo hii, mwezi wa Januari, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi, skafu ipo shingoni! Akikohoa anakohoa Kifaransa. Siku ya kwanza ya darasa letu la kiwango cha kati alitutangazia kuwa Waswahili hatuna utamaduni, tuna mazoea tu.

Mimi ndiyo alinichukia kabisa.

"Sitara, hicho ni Kifaransa cha machinga," alikuwa akisema, na darasa linacheka.

Nami nilimdharau vilevile, ila kimoyomoyo. Maksi zilikuwa mkononi mwake.

Ikaja nafasi ya kwenda kusoma Ufaransa mwaka mzima, gharama zote juu yao. Nafasi moja, darasa zima. Niliitaka mpaka nikawa naota nafungasha. Usaili ulikuwa wa mdomo, mbele ya Monsieur na Madame Delphine, mwalimu aliyetoka kulekule. Babu alifunga duka akanisindikiza, akaketi nje kwenye benchi na kanzu yake ya Ijumaa.

Mambo yakaenda freshi. Madame anacheka, anaitikia kwa kichwa. Akaniuliza nimekuja na nani.

Hapo mdomo ukaniponza. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na mjukuu humwita "mume wangu". Ni utani, kila mtu anajua. Bibi alipokuwa hai tulikuwa tunagombana naye kama wake wenza, nyumba nzima hoi kwa kicheko. Basi nikajibu kwa mbwembwe:

"Mon mari. Il a quatre-vingt-deux ans."

Yaani mume wangu, ana miaka themanini na mbili.

Madame akaacha kucheka. Akaenda dirishani, akamchungulia babu, akarudi mweupe kuliko alivyokuja.

Nikasema ni mzaha. Akadhani naficha kwa woga. Nikasema ni babu yangu. Ndiyo kwanza nikaharibu!

"Babu yako amekuoa?"

Nikamtazama Monsieur anisaidie. Mtu kazaliwa Masasi, kalelewa na bibi yake, utani huu kaunyonya na maziwa.

Mnajua alisema nini? Alirekebisha skafu, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka: "Watu hawa wana mambo yao, Madame. Sisi tuliosoma hatuyajui."

Hayajui! Mnafiki mkubwa.

Madame akaniambia kwa upole kuwa hawezi kuendelea nami mpaka ustawi wa jamii waitwe. Machozi yakanilenga. Nje kule babu amekaa, hana habari kuwa ndiye mtuhumiwa.

Monsieur akasema basi aingie mwenzangu anayefuata. Kabla sijainuka akachukua simu yake, akaiunganisha na spika ya darasa ili aandae rekodi ya zoezi la kusikiliza. Mara simu ikaita. Akataka kuikata, kidole chenye jasho kikapokea.

Spika ikanguruma sauti ya kikongwe:

"Beno! Beno mume wangu! Mbona hupokei simu? Umeoa mwingine huko mjini? Nimekutumia korosho, na wewe niletee kanga, la sivyo nadai talaka!"



Kiswahili cha Madame kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia. Lakini neno "mume wangu" alilielewa. Akamgeukia.

"Huyo ni mkeo?"

"Hapana! Ni bibi yangu!"

"Bibi yako amekuoa?"

Uongo dhambi, nilicheka mpaka kamasi. Ilibidi Monsieur Benoît asimame, auelezee utani wa babu na mjukuu kwa Kifaransa, hatua kwa hatua, mpaka Madame akaridhika. Mimi nimekaa, nimekunja nne, nasikiliza. Alieleza vizuri sana. Yuleyule asiyeyajua.

Madame akaniomba radhi, usaili ukaendelea, na nafasi nikapata. Dokta Beno bado anafundisha. Wanafunzi wakikutana naye koridoni wanamwamkia, "Shikamoo, mume wangu!" na hana pa kujificha.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lugha za watu jifunze, hata kumi. Ila kwenu usikukane, maana wana namba yako ya simu.