Ambakisye Alikuwa na Kazi

Simu iliita Getruda akigeuza kahawa juani. Alikuwa Lucky, dereva wa lori kutoka Ndola, Zambia.

"Dada, Bwana ametwaa. Kaka yako alibanwa kifua asubuhi. Hatukumuwahi."

Getruda alikaa palepale, juu ya kahawa.

Kijiji cha Ihanda kilimjua kaka yake, Ambakisye, kama mtu asiye na kazi, na si kwa uvivu. Mahali ambapo kila nyumba ina jembe lake na watoto wa kulishika, nani amwajiri? Kahawa ikiiva alipata kibarua. Ikiisha, alirudia miayo. Kila Jumapili kanisa lilimwombea kazi, naye aliitikia "Amina" kuwashinda wote.

Siku moja akaenda Tunduma kumsalimia binamu. Hata hakufika kwa huyo binamu. Dereva alimwita kutoka kwenye foleni ya malori ya mpakani: "Mzee, kaa humu unilindie mzigo nikaoge. Foleni ikisogea, nipigie." Alikaa. Akashuka lori lile na ujira mfukoni, akapanda la nyuma yake, na ikawa hivyo mpaka Mungu alipomwita.

Kosa lake ni kwamba hakurudi kutoa ushuhuda. Na pale kanisani ombi haliondolewi mpaka mwenyewe asimame mbele ashukuru. Basi waliendelea kumwombea kazi mtu asiye na nafasi hata ya kuugua.

Msibani, Mzee Eliudi wa kanisa alimsomea Getruda wasifu atakaousoma kaburini: "...amefariki akiwa bado anatafuta kazi."

"Futa hapo, mzee wangu. Kaka yangu hazikwi hivyo."

"Binti yangu, tumemwombea hadi Jumapili iliyopita! Tulikuwa tunamdanganya Mungu?"

"Mungu alishajibu. Ninyi ndio hamkupata habari."

"Kukaa kwenye gari la mtu, nayo ni kazi?"

Ndipo gari lililobeba jeneza likaingia, na nyuma yake basi dogo limesheheni madereva. Lucky alishuka kwanza.

"Shikamoo, mzee. Sisi ndio tuliomwajiri."

Eliudi aliwatazama wakishuka, hawaishi. "Wote hawa?"

"Wengine wamebaki, mukwai," alijibu Lucky kwa neno la heshima la kwao. "Hawana wa kuwalindia magari."

Mzee aliomba kalamu.

Kaburini alisoma kwa sauti kwamba marehemu alikuwa mlinzi wa malori, Tunduma. Mchungaji akaomba. Madereva walipokezana makoleo na vijana wa Ihanda. Getruda alitupa udongo wake, watu wakaimba hadi kaburi likajaa, naye akaweka msalaba wenye jina la kaka yake.